Nundu ya Mishamo kwenye Grafu ya Nafasi za Kazi

Happy na Shabani, tangu nilipoandika barua ya kuacha kazi watu wa ofisini wananiita mstaafu, na mimi nimelipokea jina. Mstaafu wa miaka thelathini na ushee, asiye na mvi hata moja, anayeondoka kwenda kufungua chumba cha kufundishia kompyuta nyuma ya soko pale Kashaulili, kwa ajili ya wasichana waliomaliza kidato cha nne kama mimi, yaani kwa kuponea chupuchupu. Nyie chekeni tu. Kiti hiki nimekikalia mpaka mto wake umebonyea kwa umbo langu, kwa hiyo nina haki ya kuacha maneno.

Mtarithi kiti, kompyuta ndogo ambayo herufi E inabonyezwa kwa nguvu kama mtu anagonga muhuri, modemu inayofanya kazi ikiwekwa dirishani tu, na grafu moja. Mambo ya nani alipandishwa cheo lini waulizeni wengine, wanayakumbuka vizuri sana. Mimi nataka kuzungumza habari ya hiyo grafu.

Nilipoanza hapa niliajiriwa kupokea wageni na kupiga chapa. Kampuni yetu mnaijua, inanunua mahindi, mpunga na alizeti, na ina maghala kila upande wa mkoa. Siku yangu ya kwanza hakuja mgeni hata mmoja. Nikakaa nimenyoosha mgongo mpaka ukauma. Mchana akanijia dada Gaudensia, aliyekuwa anashika takwimu za wafanyakazi, ambaye wote tunamwita Da Gau, akaniwekea mezani karatasi yenye mistari miwili, wa bluu na wa kijani.

"Unaona nini hapo?"

"Mvua," nikajibu.

"Mvua?"

"Si unapanda Novemba, unashuka Mei? Hizi ni mvua za huku kwetu."

Da Gau alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mdogo wangu, hizo ni nafasi za kazi. Bluu ni zilizo wazi, kijani ni zilizojazwa. Ila una macho wewe. Kesho njoo ukae kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye takwimu, kwa kukosea.

Da Gau alinifundisha kwa mashine ya kusaga. Aliniuliza kama nimewahi kupanga foleni mashineni. Nikamwambia mimi karibu nizaliwe foleni. "Basi huna cha kuogopa," akasema. "Waliofika leo na madebe yao, hiyo ni namba ya kwanza. Waliosagiwa wakaondoka, namba ya pili. Ukichungulia saa sita, waliobaki na madebe chini, hiyo ya tatu. Watu wanapenda kuchora ya kwanza na ya pili kwa sababu ni rahisi. Bosi anachotaka kujua ni ya tatu: wangapi bado wanangoja?"

Shikeni hapo, maana ndipo kila mgeni wa kazi hii anapojikwaa. Msimamizi wa ghala akihitaji mtu, anaingiza ombi kwenye mfumo. Hilo ombi lina tarehe mbili: siku lilipofunguliwa na siku mtu alipoanza kazi likahesabika limejazwa. Ukichora kwa tarehe ya kufunguliwa peke yake, ombi la Novemba lililojazwa Mei litaonekana lilijazwa Novemba ileile, na grafu itakudanganya kwa sura ya upole kabisa. Kwenye programu ya ripoti tengenezeni jedwali la kalenda linalosimama lenyewe, lisilo mtoto wa tarehe yoyote kati ya hizo mbili. Halafu kila mwisho wa mwezi muulize: ni maombi gani yalikuwa yameshafunguliwa na bado hayajajazwa? Kwa maneno ni rahisi. Mimi fomula yake ilinitoa machozi, na siku iliponikubali nilimkumbatia mlinzi, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Na tarehe zenyewe mziangalie. Kuna simu zinazotanguliza mwezi mbele ya siku. Tarehe tatu ya mwezi wa kumi na moja inageuka Machi, na ghafla ghala linaonekana limejaza nafasi kabla ya kuiomba. Mkiona mtu ameajiriwa kabla hajahitajika, msishangilie uhodari wa msimamizi. Mpigieni simu.

Baadaye wasimamizi wote waliitwa hapa ofisini Mpanda kufundishwa kuingiza maombi wenyewe kwa simu, na Da Gau akawapa mfano wake uleule wa mashine. Aliyetikisa kichwa kwa kukubali kuliko wote alikuwa Mzee Silivesta, msimamizi wa ghala la Mishamo. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kakulia Mishamo, na baiskeli yake anaiingiza mpaka ndani ya ofisi kama vile nayo imeitwa kikaoni. "Hili somo," alisema siku ile, "hata bibi yangu angelielewa." Tukafurahi sana. Tulipaswa kumuuliza alichoelewa ni nini.

Kwa sababu tangu hapo mstari wa Mishamo ulianza kufanya kitu. Mvua zikianza, nafasi wazi zinapanda, zinapanda, zinakaa juu masika yote, halafu mavuno yakikaribia zinaporomoka kwa mkupuo. Ukiutazama kwa mbali ni nundu ya ng'ombe. Da Gau aliiona, mimi niliiona, tukasema ndio maisha ya maghala, tukaendelea.

Kisha akaja meneja mpya wa wafanyakazi, Haruni, kijana mwepesi, ana adabu, hajui kukaa. Aliisoma grafu amesimama.

"Leti, hii nundu ni ya nini?"

"Ya Mishamo, meneja."

"Kila mwaka?"

"Kila mvua."

Akaigusa kwa kalamu. "Wanaomba watu masika nzima, hawawapati, na ghala halifungwi. Maana yake hawawahitaji. Tufanye hivi: ombi likizidi miezi mitatu bila kujazwa, tunalifunga, na nafasi yenyewe tunaifuta. Niandalie grafu ya kikao cha mwisho wa mwezi."

Hakuwa na ubaya. Kwa grafu ile, hata mimi ningesema hivyo. Lakini kuna kitu kilinisumbua: nafasi haziwezi kukaa wazi muda wote huo halafu zijazwe zote pamoja kama watu walikuwa wamejificha nyuma ya ghala. Nikaomba lifti kwenye gari la kupeleka magunia, nikaenda Mishamo. Tope lilikuwa mpaka kwenye ekseli ya gari. Dereva alinichekesha njia nzima akisema kumbe takwimu nazo zinachafua viatu.

Mzee Silivesta alinipokea kwa mihogo ya kuchemsha. Nikamweleza mpango wa meneja, nikamwuliza habari ya maombi yake.

"Mwanangu," akasema, "umeshasahau somo la dada yako? Mtu yuko kwenye foleni ya mashine, anaitwa nyumbani, mtoto analia. Anafanya nini?"

"Anaacha debe lake kwenye mstari."

"Na aliye nyuma yake?"

"Analisogeza foleni ikisogea."

"Eeh. Mimi nasogeza." Akafungua mikono kama mtu aliyemaliza hesabu.

Nilianza kucheka, nikaishia njiani. Nundu yote ile ilikuwa madebe. Mvua zikinyesha, watu wake wanaaga kwenda kulima, maana msimu huo ghala halina cha kununua na shamba halisubiri. Kila anayeaga, mzee anamfungulia ombi, nafasi inakaa wazi, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Mavuno yakiingia wanarudi, anaweka "imejazwa", majina yaleyale. Hakuna siku aliyotafuta mtu. Alikuwa anawatunzia watu mahali pao.

"Wote wako shambani?" nikauliza.

"Wote. Isipokuwa Anastazia."

Anastazia nilikuwa namjua. Ni Mpimbwe, mwenyeji wa Kibaoni, kazi ndiyo iliyompeleka Mishamo, na kazi yake ilikuwa mizani. Alikuwa na tabia ya kuzitangaza kilo kwa sauti mpaka aliye nyuma ya lori asikie, na wakulima waliacha wanunuzi wengine barabarani wakampelekea yeye, kwa sababu alikuwa hanong'oni.

"Mama yake amepooza upande," mzee akasema. "Yuko kule Kibaoni, hana mtu mwingine. Siku ya kuondoka huyu binti alilia hapa hapa ulipokaa. Anasema mzee, nikienda nimepoteza kazi, nisipoenda nimepoteza mama. Nikamwambia nenda, mahali pako patakungoja. Mbele ya watu nilisema. Sasa huyo meneja wenu anataka nionekane nani?"

Nilikula mhogo.

Niliporudi Mpanda nilikaa mbele ya grafu nikiwa na huruma nyingi na akili kidogo. Mnajua kile kichujio cha pembeni, chenye majina ya maghala na vijisanduku vya tiki? Nikaona nikitoa tiki ya Mishamo, nundu inatoweka, kikao kinaisha salama, Anastazia anabaki na kazi. Mkono ulishafika. Da Gau alikuwa nyuma yangu anakunywa chai.

"Unataka kuficha Mishamo?"

"Nataka kumwokoa Anastazia, dada."

"Ukimtoa kwenye grafu, umemwokoa au umemfuta kabla ya meneja?" Akavuta kiti. "Leti, una moyo mzuri, ila moyo mzuri usiupe kipanya cha kompyuta. Wao wanaona bluu wanadhani ni kiti kitupu. Si kitupu. Wewe umekwenda, umeona. Sasa wachoree ulichoona."

Ndipo ilipotokea ile rangi ya tatu mnayoikuta kwenye ripoti, ya matofali ya kuchoma. Tuliongeza safu mpya kwenye mfumo: nafasi inatafutiwa mtu, au nafasi ina mwenyewe na anasubiriwa? Nikawapigia wasimamizi wote mmoja mmoja. Kumbe si Mishamo tu, ila wengine walikuwa na debe moja moja na waliona aibu kusema. Nikaichora upya. Bluu halisi, ya kutafuta watu, ilikuwa chini imetulia. Nundu yote iligeuka rangi ya matofali.

Kwenye kikao meneja Haruni aliinamia skrini. "Huu wa tatu umetoka wapi? Makao makuu hawana kitu kama hiki."

"Makao makuu hawalimi," Da Gau akasema, taratibu, akiangalia kikombe.

Mzee Silivesta alikuwa kwenye simu, tumeiweka sauti ya juu mezani. "Meneja, shikamoo ya kazi. Nikuulize, wewe ukienda mashineni ukaitwa nyumbani, debe lako unalibeba?"

"Mzee wangu, mimi nimekulia mjini. Tulikuwa tunanunua unga wa paketi."

"Pole sana," mzee akajibu, na alimaanisha.

Kikao kizima kikaangua kicheko, na Haruni akacheka kuliko wote. Halafu akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. Akauliza maswali ya maana: wakirejea wote siku za mavuno, tunaokoa nini kwa kutofundisha watu wapya? Na mkulima akikuta sura ngeni kwenye mizani? Mwisho akasema, "Sawa. Hakuna nafasi itakayofutwa. Wasubiriwe mpaka mzigo wa kwanza wa mahindi uingie ghalani. Lakini mzigo ukishaingia, asiyerudi, nafasi yake inatangazwa anachukua mwingine. Siwezi kuwaacha wakulima bila mtu wa mizani kwa sababu ya ahadi."

Ilikuwa haki. Ndiyo maana iliniuma. Walioenda kulima walikuwa na tarehe ya kurudi, mvua ndiyo iliyowapa. Aliyekwenda kumuuguza mama hana tarehe.

Nikampigia Anastazia. Alinisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake nikasikia kikombe kinagongwa na sauti ya mama inamwita.

"Leti, asante. Lakini mama bado hajainuka mwenyewe. Namlisha, namgeuza. Nikimwacha nimwachie nani?"

"Hakuna ndugu?"

"Ndugu wapo kwenye misiba tu." Akacheka kidogo. "Mwambie mzee asigombane na watu kwa ajili yangu. Mzigo ukiingia, waweke mwingine. Nitajua nimejaribu."

Nilikata simu nikaenda kunawa uso. Mnanijua.

Mei ikafika. Watu wa Mishamo wakaanza kurudi wakiwa weusi kwa jua, na kila jioni nilikuwa naona rangi ya matofali inapungua. Hiyo ni moja ya raha za kazi hii na hakuna atakayewaambia: kuuona mstari unashuka na kujua kila hatua yake ni mtu ameshuka kwenye baiskeli amesalimia wenzake. Ukashuka mpaka ukabaki umbo dogo kabisa, ombi moja. Anastazia.

Sasa sikilizeni jambo la kitaalamu. Programu ya ripoti hujipimia yenyewe urefu wa mhimili wa wima kwa kufuata kilele kikubwa kilichopo. Nundu ikiwepo, mhimili unarefuka kuifikia, na kila kitu kidogo kinalala chini kama kimekanyagwa. Mimi nilikuwa nimeweka grafu ionyeshe msimu mzima, nikaona sasa niikate ianzie mwezi huu peke yake, nimtazame vizuri yule mmoja. Mhimili ukajipunguza. Na pale chini, ulipokuwa umelala kwa miezi, ukainuka mstari mwingine wa bluu. Wa Kibaoni. Mtu mmoja anatafutwa tangu Machi. Nikaweka mshale wa kipanya juu yake, maandishi yakatokea: mpima mizani.

"Da Gau!" nikapiga kelele mpaka mlinzi akaingia na rungu.

Tulikuwa tumeutazama mlima wa Mishamo kwa muda mrefu mpaka hatukuona kwamba ghala la Kibaoni, kule kule Anastazia anakomuuguza mama yake, halina mtu wa mizani. Nikampigia msimamizi wa Kibaoni. Akasema ni kweli, aliyekuwepo aliolewa akahama, tangazo lipo.

"Lipo wapi?"

"Limebandikwa ofisini."

"Ndani?"

"Nje mbuzi wanakula karatasi."

Nikampigia Anastazia. Mwanzoni hakuamini. "Kibaoni hii? Ghala la jirani na kanisa? Leti, kutoka pale mpaka kwa mama naweza kukimbia mchana, nikamlisha nikarudi. Ila Mzee Silivesta?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Meneja alikubali hata kabla sijamaliza kueleza. Lakini ombi la Mishamo lilifunguliwa na mzee, na kwa utaratibu wetu yeye ndiye wa kulifunga. Nilimweleza kwa simu, polepole, kama mtu anayepeleka posa.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi niliyemtunzia mahali masika nzima, ndio nibaki bila mtu? Na Kibaoni, waliokuwa wamelala, ndio wamchukue?"

"Mzee, mama yake atakula mchana."

Nikasikia kengele ya baiskeli, nadhani alikuwa anaichezea kwa kidole.

"Hao wa Kibaoni wanajua anavyopiga kelele?"

"Nitawaambia."

"Waambie wasimkataze. Wakulima wanapenda." Akahema. "Haya. Nafunga."

Niliiangalia skrini hadi ile rangi ya matofali ikaisha kabisa, na wiki hiyohiyo bluu ya Kibaoni nayo ikafika chini. Ukiangalia grafu ya mwaka ule hutaona kitu hapo, ni kipande kidogo kuliko ukucha. Mimi nimekionyesha kwa watu wengi kuliko nundu yenyewe, na wengi wamenijibu "sawa, Leti" wakaenda kula.

Kwa hiyo msiridhike na grafu mpaka mmejua ndani ya kila rangi kuna nani, na mkiona mlima, uondoeni machoni kidogo mwangalie umelalia nini. Hayo ndiyo niliyo nayo. Mengine mtayajua kwa kukosea, kama mimi na mvua.

Ila nisisahau. Asubuhi iliyofuata baada ya kulifunga ombi la Anastazia, Mzee Silivesta alipiga simu mapema, sauti kavu, ya kikazi.

"Leti, nifungulie ombi. Mtandao wa huku umekataa. Safari hii weka bluu, namtafuta mtu kweli."

"Kazi gani, mzee?"

"Mpima mizani. Andika sifa: ajue kusoma namba, na awe na sauti."

"Nimeandika. Nyingine?"

"Na mama yake awe mzima wa afya. Au akae hapa hapa Mishamo, nimwone mwenyewe."

Hiyo ya mwisho sikuiingiza kwenye mfumo. Lakini jioni, kabla ya kufunga kompyuta, nilimpigia tena mzee nikamuuliza jina la mama wa Anastazia, ambalo mfumo wetu hauna mahali pa kuliandika, na yeye akalitaja papo hapo.